Simu Thelathini na Nne na Namba Yangu Moja

Jumatatu, 4 Machi

Leo mwanangu ametundika tangazo. Ukutani, karibu na mashine ya maji, karatasi nzima, herufi kubwa, na chini kabisa cheo chake: Fundi wa Mawasiliano. Nimelisoma mara nne. Mara ya tano nimelisoma kwa sauti, ili na wageni waliokaa hapa mapokezi wafaidi. Mgeni mmoja alikuwa amekuja kusoma mita ya umeme. Naye nimemweleza yule ni nani yangu.

Mambo yenyewe ni haya. Jumamosi simu zote arobaini za mezani zinaondolewa, zinawekwa mpya. Sasa kila simu ina mambo ya mwenyewe ndani yake: majina aliyoyaandika kwenye vitufe vya pembeni, mlio alioupenda, na nani apelekewe simu zake asipopokea. Hayo yote kwa pamoja wanaita mipangilio. Ukiiondoa simu bila kuweka nakala, yamekwenda na maji. Kwa hiyo kabla ya Alhamisi jioni kila mtu abonyeze Menyu, aingize namba yake ya ndani na nywila yake, kisha abonyeze Hifadhi. Nakala inakwenda kukaa kwenye mtambo ulioko ofisini kwa mwanangu. Simu mpya ikija, unaingiza namba ile ile, unabonyeza Rejesha, na kila kitu chako kinarudi.

Mimi shule niliishia darasa la saba, na nimeelewa mara moja. Bi Katibu ana diploma mbili. Ameuliza mara tatu.

Nimehifadhi ya kwangu papo hapo. Namba yangu ya ndani ni mia moja. Jengo zima linaanzia kwangu!

Jumanne, 5 Machi

Bi Katibu amenikera. Huyu ni katibu muhtasi wa Mkurugenzi. Tuliajiriwa mwezi mmoja, miaka kumi na tisa sasa, mimi chini mlangoni kwa wageni, yeye juu mlangoni kwa mkubwa. Ana mpwa wake, naye ni fundi wa simu. Nikisema binti yangu kamaliza chuo, mpwa wake alimaliza kabla. Nikisema binti yangu kapita usaili bila kubebwa na mtu, anakohoa.

Leo kanikuta kwenye ngazi, kaniuliza kwa sauti ya huruma kama kazi hii ya simu si kubwa mno kwa mtoto wa kike aliye kwenye majaribio. Maana, kasema, miezi mitatu ya majaribio inaisha Alhamisi ya wiki ijayo, na ni ama barua ya kuthibitishwa ama kwaheri. Na mpwa wake yupo tu, hata kesho anaweza kuanza.

Nilitaka kumjibu. Nimemjibu. Nimemwambia binti yangu akiwa na miaka sita alifungua redio ya baba yake na kuifunga tena. (Iliacha kuimba, lakini skrubu zote zilirudi.)

Halafu nasikia huyo huyo Bi Katibu kahifadhi simu yake leo mchana, akiongozwa na mpwa wake kwa simu. Ajidai!

Jumatano, 6 Machi

Hali mbaya. Mwanangu kaja mapokezi saa nane, macho yamemtoka. Kati ya watu arobaini, waliohifadhi ni sita. Sita! Mhasibu kasema yuko kwenye hesabu za mwezi. Mwanasheria kasema atalisoma tangazo kwanza alielewe linamfunga kiasi gani. Mtunza stoo kaendelea kula njugu.

Nimemwambia mwanangu asiwabembeleze, ni mimi ninayewajua watu hawa. Kaniomba nisifanye lolote. Kasema, mama, tafadhali, najua unanipenda, lakini safari hii kaa tu. Nimemwahidi.

Nimekaa mpaka saa tisa, kisha nimeanza kufikiri.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya ushindi! Naandika vidole vinaniuma.

Mpango ulinijia asubuhi nikipiga pasi. Nani anaweza kuingia ofisi yoyote bila kuulizwa? Mtu mwenye kitambaa cha vumbi. Nikachukua kitambaa na chupa ya maji ya sabuni, nikapita chumba kwa chumba nikisema leo tunasafisha simu, sehemu ya kusemea ina vijidudu. Watu wakanipisha kwa furaha. Mhasibu hata alinyanyua makaratasi yake mwenyewe, jambo ambalo sijaliona tangu nimjue.

Kikwazo kimoja: simu inataka namba na nywila ya mwenyewe. Nimuulize nani nywila yake, wakati nataka iwe siri? Nikajaribu namba yangu na nywila yangu. Ikakubali! Kila simu imeikubali mia moja bila kinyongo. Ndiyo faida ya kukaa kazini miaka kumi na tisa, hata mitambo inakuheshimu. Kila mara kilitokea kijisentensi kwenye kioo: "Nakala iliyopo itafutwa na kuwekwa hii. Endelea?" Nikabonyeza Ndiyo. Simu thelathini na nne, Ndiyo thelathini na nne.

Ya mwisho ilikuwa ya Mkurugenzi mwenyewe. Alikuwa kikaoni, Bi Katibu alikuwa amekwenda kuchukua chai. Nimeingia, nimefuta vumbi, Menyu, mia moja, Hifadhi, Ndiyo, nimetoka. Sikusoma chochote kwenye simu yake. Mimi si mtu wa kuchungulia. Na miwani niliiacha chini.

Ijumaa, 8 Machi

Mwanangu kanijia na karatasi. Kaniuliza kwa nini nakala ya mapokezi imehifadhiwa mara thelathini na tano. Nimemwambia naipenda kazi yangu.

Kanitazama kwa muda mrefu. Ana macho ya marehemu mama yangu, na mama alikuwa akikutazama hivyo unaanza kukumbuka makosa ya mwaka juzi. Kisha kasema nakala za wale thelathini na nne wengine hazipo. Nimejua ni uchovu tu, mtoto halali vizuri. Hazipo vipi, na nimezihifadhi kwa mkono wangu?

Kasema si neno, atajua la kufanya. Ila Jumatatu nisiguse simu yoyote, hata yangu, mpaka afike. Karudia tena na tena kama anamtuma mtoto dukani. Nimemwitikia.

Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu kashinda kazini kubadilisha simu. Karudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Baba yake kamuuliza kama zile za zamani zimetupwa. Kasema ziko stoo, kwenye maboksi, kila moja kaibandika karatasi ya namba ya mwenyewe.

Nimemwambia hivyo ni kujipa kazi bure. Takataka inabandikwa karatasi ya nini? Kacheka, kaomba maji ya kuoga.

Nimekaa nikamfikiria. Amechoka, mwanangu. Jumatatu atapita tena meza arobaini, mmoja mmoja, awasubiri wavivu wale wabonyeze Rejesha. Mama yake nipo hai, nina mikono miwili, na ninajua namba inayokubalika kila mahali.

Jumatatu, 11 Machi

Nianzie wapi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimeshafika. Mlinzi kashangaa. Nikapanda na kitambaa changu, simu mpya zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Meza kwa meza: mia moja, Rejesha. Kila moja ikalia ti! na kuandika "Mipangilio imerejeshwa". Thelathini na nne, na yangu ya thelathini na tano. Saa moja na nusu nilikuwa nimekaa mapokezi, nimepaka mafuta midomo, nasubiri mwanangu apongezwe.

Wa kwanza kupongeza alikuwa Mkurugenzi. Kapiga simu mwenyewe kusema simu yake iko vile vile kama alivyoiacha, majina yote yapo, kazi safi. Nikamwambia ni binti yangu. Kasema anajua. Nikarudia.

Saa mbili kamili jogoo kawika ghorofani.

Nikadhani nimesikia vibaya. Akawika wa pili, upande wa stoo. Halafu wakawika pamoja kama sita, na mmoja chini ya pua yangu. Simu yangu! Kumbe huo ndio mlio wa simu ya Mkurugenzi. Mtu mzima, suti, tai, na simu yake inawika. Sasa simu thelathini na tano zikawa zinawika jengo zima, wageni wanaangalia chini ya viti.

Hilo lingevumilika. Mkurugenzi alikuwa kaipanga simu yake hivi: ikilia mara tatu bila kupokelewa, iende kwa Bi Katibu. Na nani atapokea jogoo? Watu walikuwa wamesimama wanazitazama. Basi kila simu iliyoingia jengoni ikawika mara tatu na kuhamia kwa Bi Katibu. Nimepanda kuchungulia. Nilimkuta nywele zimesimama, mkonga sikio hili, mkonga sikio lile, anawaambia watu wa pande zote subiri kidogo, subiri kidogo. Sitasema nilifurahi. Nilikaa pale dakika tano tu.

Lakini vitufe! Pembeni ya kioo kuna vitufe vinane, na kila kimoja kina jina aliloliandika mwenye simu. Na majina ya Mkurugenzi yakawa yamekaa kwenye meza ya kila mtu. Mhasibu kaona namba yake mwenyewe imeandikwa "Mkono wa Birika". Mtunza stoo kajikuta "Hakuna". Mwanasheria ni "Inategemea". Afisa utumishi ni "Tutalifanyia Kazi". Bi Katibu ni "Subiri Kidogo". Watu walikuwa wanatoka vyumbani wanaulizana, wewe ni nani, mimi ni Hakuna, ah, na mimi ndiye Inategemea.

Mimi ni "Redio".

Nimelitafakari. Redio inasikilizwa na kila mtu. Nimelipenda.

Na kitufe cha nane, namba ya mwanangu: "Fundi Mpya, Anajua". ANAJUA! Kaandika mkubwa mwenyewe, kwa mkono wake! Nimewaita mhasibu na wengine wote waje kusoma. Sikuona kwa nini wamenuna.

Kilichobaki ni kitufe cha pili. Kwenye simu nyingi hapa kitufe cha pili ni kantini. Kwa Mkurugenzi ni mama mkwe wake. Ilipofika saa nne, watu kumi na mmoja walikuwa wameshabonyeza kwa mazoea, bila kusoma, na kumwagiza yule mama chai ya rangi, vikombe hivi, sukari hivi. Yeye akapiga mapokezi kuuliza kulikoni. Bahati nzuri hii simu niliipokea jogoo hajamaliza. Sauti ya mtu mzima, mwenye adabu, nami nikamwamkia vizuri, shikamoo mama, tukaulizana hali, watoto, magoti. Mama akaelewana na mama mwenzie. Nikamweleza kila kitu, nikamsomea na vitufe vyote, maana alitaka kujua mkwewe anaishije na watu. Kaniuliza, na mimi huyo mkwe wangu kaniandikaje?

Nikamsomea. "Mama Mkwe, Nipo Kikaoni."

Akanishukuru sana, akasema anakuja.

Jumanne, 12 Machi

Mama mkwe alifika jana saa sita. Ni mama mnene, mpole, na mkoba mkubwa. Kaniuliza kama Mkurugenzi yupo. Bi Katibu kapiga kutoka juu kusema yuko kikaoni. Yule mama kacheka peke yake, kapanda ngazi polepole. Walikaa humo saa moja. Alipotoka kanishika mkono, kaniambia wewe ni mtu wa kweli. Mkurugenzi hakutoka.

Leo saa tatu katuita. Mimi, mwanangu na Bi Katibu, ambaye sijui aliitiwa nini, nadhani alijiita. Mkurugenzi alikuwa hatutazami, anaipanga kalamu yake. Kasema kazi ya kuhifadhi na kurejesha ilikuwa ya fundi. Kazi imeharibika. Ofisi nzima wanamcheka chini chini, nyumbani hakukaliki. Mtu wa namna hiyo hawezi kumthibitisha. Bi Katibu akakohoa kile kikohozi chake.

Mwanangu alikuwa anatazama chini. Nikasubiri aseme. Alijua, tangu Ijumaa anajua, karatasi anayo. Hakunitaja. Akasema tu, ndiyo mzee, mimi ndiye mwenye dhamana ya simu.

Nilikuwa nimejiandaa kusema ni kiwanda kilichotengeneza simu. Nilikuwa na maneno yote. Lakini nilipouona ule mkono wake unashika ukosi wa shati, kama alivyokuwa akishika akiwa na miaka sita na ile redio, maneno ya kiwanda yakanikauka.

Nikasimama. Nikasema ni mimi. Namba ni yangu, kitambaa ni changu, kidole ni hiki. Na kama kuna mtu wa kwenda nyumbani ni mimi niliyeishia darasa la saba, si huyu ambaye wewe mwenyewe, mzee, umemwandika kwa mkono wako kwamba anajua. Au uliandika uongo?

Hata Bi Katibu hakukohoa.

Mkurugenzi akamuuliza mwanangu kama kuna namna yoyote ya kurudisha mambo ya watu. Na hapo ndipo nilipojua nimezaa. Kasema simu za zamani hajazifuta. Aliona nakala moja imeandikwa juu ya nyingine mara thelathini na nne, akajua ndani imebaki ya mtu mmoja tu. Ndiyo maana akazibandika namba. Anaziunganisha moja moja, anatoa nakala, anairejesha kwa mwenyewe. Anaomba siku mbili.

Mkurugenzi kamuuliza kwa nini hakuanza na hilo. Kasema alipanga kuanza Jumatatu saa mbili. Mama alimtangulia.

Jumatano, 13 Machi

Majogoo wanapungua. Asubuhi walikuwa ishirini, mchana wanane. Mwanangu anapita na boksi, anaunganisha waya, anangoja, anasonga. Nilijitolea kumshikia waya. Kanipa kiti, kaniweka mbali na waya.

Mhasibu kapata simu yake kama ilivyokuwa, vitufe vyake vyote. Nimechungulia kidogo, miwani nilikuwa nayo. Mkurugenzi kwake ni "Jogoo". Kwa hiyo alijua zamani!

Bi Katibu kapoteza sauti kwa simu za Jumatatu. Anaandika kwenye vikaratasi. Nimempelekea chai yenye tangawizi. Kaandika "asante", kisha chini yake "mpwa wangu asingeharibu". Nimemwandikia "asingebandika". Tumecheka wote wawili, yeye bila sauti.

Alhamisi, 14 Machi

Barua mbili leo.

Ya kwanza ya mwanangu. Amethibitishwa kazini! Nimeisoma mapokezi kwa sauti kubwa, mgeni mmoja kapiga makofi. Imeandikwa kwamba amethibitishwa kwa umakini na uangalifu wake katika mazingira magumu. Mazingira magumu, nadhani, ni wale wavivu waliokataa kubonyeza Hifadhi.

Ya pili ni yangu. Barua ya onyo. Miaka kumi na tisa, na ni mara ya kwanza naandikiwa barua yenye majina yangu yote matatu na muhuri wa Mkurugenzi. Karatasi nene, nzuri. Inasema nisiguse simu wala mtambo wowote usio wa meza yangu. Nimeiweka kwenye bahasha moja na cheti cha darasa la saba na cheti cha ndoa.

Baba watoto kaisoma. Kaniuliza nimejifunza nini. Nimemwambia nimejifunza kwamba bila mimi Mkurugenzi asingejua kuwa mtoto wetu anabandika karatasi. Kila fundi anaonekana hodari mambo yakiwa sawa. Nani aliyeyaharibu ili aonekane? Basi barua ile ya kuthibitishwa nusu ni yangu. Kaenda kulisha kuku.

Ijumaa, 15 Machi

Nimepanda ofisini kwa mwanangu kumpelekea maandazi ya saa nne. Hakuwepo, yuko kwa mwanasheria, anayetaka kuandikiwa kwamba simu yake imerudi yote. Nimeketi kwenye kiti chake. Kiti cha kuzunguka! Mbele kuna ule mtambo unaotunza nakala za watu wote, umewaka, na pembeni simu yake.

Vumbi lilikuwepo kidogo. Nikafuta.

Miwani nilikuwa nayo. Kitufe chake cha kwanza kabisa, juu ya Mkurugenzi, juu ya wote: "Mama, mwache amalize".

Nimelia kidogo. Hakuna hata mmoja jengoni aliyemweka mama yake wa kwanza, nimewafuta vumbi wote, ninajua. Lakini hayo maneno mengine hayakai vizuri kwa mtu aliyethibitishwa. Mgeni akiona atafikiri mama yake ni msemaji. Iandikwe tu "Mama wa Fundi Mkuu", mtu aelewe.

Kuandika si kazi, herufi ziko pale kwenye mtambo. Nimemaliza bila kukosea hata moja. Sasa kimetokea kijisentensi, chekundu: "Mabadiliko haya yatapelekwa kwenye simu zote. Una hakika?"

Simu zote arobaini! Na ya Bi Katibu!

Swali gani hilo kumuuliza mzazi? Nimebonyeza Ndiyo.